Boksi la madaraja: kenchi safi, kamba ovyo

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza kwanza. Boksi nimelinunua Sh4,800 kwenye duka la vifaa vya shule Mombasa, na juu ya hapo kuna nauli ya parseli ya basi hadi Mokowe, kisha hela ya boti na ya mchukuzi. Si pesa ya mchezo kwa kitu cha kuchezea. Ndani mna vipande vya plastiki ngumu vya urefu mbalimbali, pini za kuviungia, vibao vya kupitishia gari, minara miwili, kibunda cha uzi mweupe, vigari vitatu na kijitabu cha picha. Juu ya boksi wameandika kwamba mtoto atajenga aina sita za madaraja. Ni kweli, atajenga sita. Ila kati ya hizo, tatu zitamfundisha kitu, mbili zitamfundisha ukishabadilisha vifaa, na moja itamdanganya mchana kweupe.

Mimi ni fundi wa nyumba hapa Lamu. Kazi yangu zaidi ni ukarabati wa nyumba za kale za Mkomani: kutoa boriti zilizooza, kutia mpya, kupiga lipu ya chokaa. Boksi nililichukua kwa ajili ya watoto wa kaka yangu, msichana wa gredi ya saba na mdogo wake wa kiume wa gredi ya nne, ambao shule zikifungwa hushinda kwangu. Hawa ni watoto wa majini. Wakitaka kwenda Manda, Matondoni au Mokowe wanapanda chombo, na daraja la kweli wameliona walipopelekwa Mombasa tu. Kwa watoto wa namna hii sikutaka kifaa cha kuwaonyesha umbo la daraja, kwa sababu umbo hata picha ya simu inaonyesha. Nilitaka waone uzito wa gari unakwenda wapi baada ya gurudumu kukanyaga. Kila aina nimeipima kwa kipimo hicho.

Kijitabu kinafungua na daraja la mihimili, na hapo boksi halikuwa na kazi kubwa. Niliwaambia watoto watazame dari. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, upana haufiki mita tatu, na anayeamua upana huo ni boriti ya mkoko. Boriti ikilazwa juu ya kuta mbili na kubebeshwa mawe na chokaa ya dari, mti unapinda kidogo, upande wake wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Ukitanua chumba mara mbili na mti ukabaki uleule, mzigo uleule ukiuweka katikati utaupindisha mara nane ya kwanza. Ndiyo maana wazee hawakujenga kumbi pana kwa mikoko. Na wikio ni nini kama si daraja? Nyumba mbili, kichochoro katikati, boriti zimepita juu, watu wanalala humo, na punda anapita chini na mchanga wake.

Mahali boksi lilisaidia ni kwenye vile vipande virefu bapa. Mtoto akikilaza kipande ubapa kati ya vitabu viwili na kukiwekea kigari, kinabonyea. Akikisimamisha kwa ubavu, kigari kilekile kinapita wala kipande hakitikisiki. Plastiki ni ileile, uzito ni uleule, kilichobadilika ni kina. Mhimili ukiongezwa kina mara mbili, ugumu wake unakuwa mara nane. Kijitabu hakisemi neno juu ya hili, kimechora tu kibao kimelala. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi angewaeleza vizuri zaidi, pamoja na kwa nini nondo nzito hulazwa sehemu ya chini ya boriti ya zege: zege linavumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa, na kuvutwa kuko chini.

Sasa tuje kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao au vyuma vilivyoungwa kwa pembetatu ili kubeba paa au daraja, ambayo ndiyo imenifanya nikae niandike.

Kila fundi wa paa anajua kenchi, lakini kuna mafundi wengi wanaozipiga kwa mazoea tu, na mtoto akiwauliza kwa nini mbao imewekwa mshazari watajibu ndivyo inavyopigwa. Boksi hili linajibu. Chukua vipande vinne, viunge kwa pini upate mraba, usukume kona moja: mraba unalala. Toa kipande kimoja, uunge vitatu vilivyobaki, usukume upendavyo: hautoki. Pembetatu haibadili umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Hapo pini za boksi hili nazisifu sana, kwa sababu zinazunguka bila kukaza. Nimeona vifaa vingine vya watoto ambavyo viungio vyake vinabana, na mraba unasimama wenyewe kwa ugumu wa kiungio, mtoto akaondoka akidhani mraba ni imara.

Mchoro uliomo kijitabuni ni wa kenchi ya Warren, pembetatu zenye pande sawa zimepangwa moja juu moja chini, ubunifu uliosajiliwa Uingereza mwaka 1848. Inajengeka bila shida na inabeba. Tuliiweka kati ya viti viwili tukaipandishia pakiti nne za sukari za kilo mbili, haikulalamika. Basi msichana akauliza swali ambalo kijitabu hakikuwa nalo:

“Ami, hivi vya mshazari vinabanwa ama vinavutwa?”

Jibu la swali hilo ni thamani ya boksi zima. Nikamwambia asiniulize mimi, akiulize kipande chenyewe: kitoe, ufunge uzi mahali pake. Uzi hauwezi kusukuma. Kama daraja linasimama na uzi umekaza, ujue mahali pale panavutwa. Kama linaanguka, pale panabanwa.

Kwa jaribio hilo tukaiacha Warren tukajenga mbili ambazo boksi halikuzichora lakini vipande vyake vinatosha. Moja ni ya Pratt, ya Marekani, 1844, ambayo vya mshazari vinateremka kuelekea katikati ya daraja. Tukavibadilisha vyote kwa uzi, na daraja likabeba sukari nyuzi zikilia ukizigusa. Nyingine ni ya Howe, ya 1840, yenye mishazari inayopanda kuelekea katikati. Tulipotia uzi kwenye mishazari ilibomoka hapohapo, lakini uzi ulipohamishiwa kwenye vile vilivyosimama wima, ikasimama. Sura ukiziangalia haraka ni karibu moja, kumbe kazi za ndani zimegeuzana.

Na hilo si chemshabongo tu. Fito ndefu ukiisukuma kwenye ncha zake mbili inatoka ubavuni kabla haijapondeka, ila ukiivuta, hata ikiwa nyembamba inakuvumilia. Kwa hiyo kilicho kirefu ni afadhali kivutwe, na kinachobanwa kiwe kifupi au kinene. Howe alitumia mbao nene kwa mishazari na vyuma vyembamba kwa vilivyo wima, na wakati ule mbao zilikuwa rahisi kupatikana. Pratt akageuza: vifupi vya wima vibanwe, virefu vya mshazari vivutwe, na chuma kilipokuwa rahisi mpango wake ukaenea katika madaraja ya reli. Mvulana hakuelewa yote, ila alielewa uzi upi unalia na upi umelegea, na kwa gredi ya nne hiyo inanitosha. Kenchi: alama zote, na pini za ziada wangetia.

Daraja la mikono miwili, lile ambalo kila nguzo inanyoosha mkono huku na huku hadi mikono ikutane katikati, nalo limetengenezwa vizuri. Kijitabu kina mchoro mdogo wa Daraja la Forth la Uskochi, lililofunguliwa 1890, lenye nafasi mbili kubwa za mita 521 kila moja. Wahandisi wake walikuwa na namna yao ya kulieleza kwa watu: wanaume wawili waliketi vitini wamenyoosha mikono, kila mkono umeshika gongo lililoegemezwa kitini, na katikati yao akakalishwa kwenye kibao mhandisi kijana wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Mikono ya nje ilifungwa mizigo ya matofali kusawazisha. Picha ile ipo hadi leo.

Tuliifanya barazani. Msichana na rafiki yake vitini, mipini ya mafagio badala ya magongo, ndoo za mchanga huku na huku, mvulana katikati juu ya kibao. Msichana akaweza kusema mwenyewe: mikono yangu inavutwa, fagio linanisukuma kuelekea kitini. Ukiipunguza mchanga ndoo moja, kiti kinaanza kuinuka. Walipokuwa wakicheka waliniuliza kama kuna daraja kama hilo karibu, nikawakumbusha la Kilifi walilolipita na basi, lililofunguliwa 1991 likachukua kazi ya feri. Ukilitazama kutoka ubavuni zege lake ni nene juu ya nguzo na linapungua kina likienda katikati, kwa sababu mkono ulionyooshwa huelemewa begani kuliko vidoleni. Kwenye mkondo wenye kina, mtindo wa mikono unamwezesha mjenzi kuendelea kutoka nguzoni pande zote mbili kwa uwiano, kipande baada ya kipande, bila kusimamisha jukwaa majini.

Tao limenikasirisha kidogo. Vipande vyake vimekatwa vizuri, vinakaana, tao linasimama. Lakini miguu yake inabanwa kwenye kitako cha plastiki chenye vishikizo, kwa hiyo kile tao linachofanya, yaani kusukuma miguu yake nje, hakionekani kabisa. Toa kitako. Liweke tao sakafuni na ulibonyeze kwa kidole: miguu inakimbia na tao linamwagika. Weka tofali kila upande: linasimama na kubeba. Kisha toa matofali, funga uzi kutoka mguu huu hadi ule: linasimama pia, na hapo umepata tao la kufungwa, ambalo linaweza kukaa juu ya nguzo za kawaida bila kuzisukuma. Milango ya matao katika nyumba zetu inategemea unene wa kuta za mawe kuumeza msukumo huo. Daraja la Bandari ya Sydney, la 1932, linavuka mita 503 kwa tao la chuma, nalo miguu yake imeegemea mwamba wa pande zote mbili. Kwa tao, boksi ni zuri ila kitako kitupe.

La nyaya za moja kwa moja kutoka mnarani nalo lina dosari ya vifaa. Mpango wenyewe ni mzuri: mnara mmoja katikati, nyuzi zinashuka kila upande hadi kwenye sakafu ya daraja, za kushoto zikisawazisha za kulia. Mnara unabanwa, nyaya zinavutwa, na kwa kuwa nyaya zimelala mshazari, sakafu nayo inabanwa kuelekea mnarani. Afrika Mashariki tunayo mazuri ya aina hii: la Kigamboni, Dar es Salaam, la mita 680, lililofunguliwa 2016, na la Jinja juu ya Nile, mita 525, lililofunguliwa 2018. Tatizo ni uzi. Uzi wa boksi unateleza kwenye matundu na unarefuka ukibeba, kwa hiyo unakaza huu, ule unalegea, unarudi mwanzo. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi ununue mshipi, ule wa nailoni mwembamba, ufunge fundo la mvuvi. Watoto wa hapa fundo wanalijua kuliko mimi. Baada ya hapo daraja lilikaa sawa.

Kwa kuwa tunaishi na chumvi, niliwaongezea jambo ambalo si la boksi. Italia, Genoa, palikuwa na daraja lililofunguliwa 1967 ambalo nyaya zake chache zilikuwa zimefunikwa ndani ya zege. Tarehe 14 Agosti 2018 likaanguka na watu 43 wakafa. Kutu ilikuwa inakula ndani, mahali jicho halifiki. Nyumbani kwetu mtu huona lipu imevimba akaipaka rangi. Haya, nimesema.

Sasa la kuning'inia, ambalo ndilo limechorwa juu ya boksi kwa rangi zote, na ndilo linalouza boksi. Hili ni uongo.

Katika daraja la kuning'inia la kweli, sakafu inashikiliwa na nyaya fupi za wima, hizo zinaning'inia kwenye kebo mbili kubwa, kebo zinapita juu ya minara na kushuka hadi kwenye nanga kubwa nchi kavu. Kebo inavutwa mwanzo hadi mwisho, mnara unabanwa kushuka chini, nanga inazuia kebo isikimbie. Kwa kuwa chuma kinachovutwa hakina hofu ya kutoka ubavuni, madaraja haya ndiyo yanayovuka mbali kuliko yote: Golden Gate ya Marekani, 1937, mita 1,280 kati ya minara, Akashi Kaikyo ya Japani, 1998, mita 1,991, na lile la Çanakkale, Uturuki, 2022, mita 2,023.

La boksi lina minara, lina uzi uliopinda kwa uzuri, lina vijiuzi vya wima. Kigari kinapita, mtoto anapiga makofi. Nikachukua mkasi nikakata uzi mkuu. Daraja likabaki limesimama vilevile. Kigari kikapita tena. Vile vibao vya njia vimeshikamana kwa vishikizo vigumu, vinajibeba vyenyewe kutoka mnara hadi mnara, na uzi wote ule ni pambo. Tena uzi wenyewe umefungwa kwenye tundu la mnara badala ya kupita juu yake, na nanga hakuna, umechomekwa kwenye ukingo wa kitako. Mtoto akijenga hili na kuishia hapo, atakwenda shule akisema daraja la kuning'inia ni daraja la mihimili lenye urembo.

Linatengenezeka lakini. Badala ya vibao tulitumia vipande vya katoni ngumu visivyoshikana, badala ya uzi tukatumia mshipi, tukaupitisha juu ya minara na kuufunga kwenye mawe mawili mazito. Hapo kila kitu kikasema kweli. Ukilisogeza jiwe moja ndani, daraja zima linabonyea. Ukiweka kigari upande mmoja, upande wa pili unainuka, jambo ambalo linamwonyesha mtoto kwa nini sakafu ya daraja la kuning'inia inahitaji ugumu wake.

Kisha tukawasha feni. Katoni zikaanza kujipinda, huku zikiinuka na kule zikishuka, na mvulana akapiga kelele za furaha. Nikawahadithia la Tacoma, jimbo la Washington, lililofunguliwa Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huohuo, kwa upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa. Ubavu wa sakafu yake ulikuwa bamba la chuma lisilo na nafasi, na sakafu yenyewe nyembamba mno kwa urefu wake. Upepo ukaanza kuipindapinda, na kadiri ilivyopinda ndivyo ilivyouchota upepo zaidi, hadi nyaya zikakatika. Lilipojengwa upya, likafunguliwa 1950, sakafu ilifanywa pana zaidi na chini yake ikawekwa kenchi yenye kina, upepo ukawa na mahali pa kupita. Msichana akasema basi turudishe pembetatu, na akazifunga chini ya katoni kwa vipande vya boksi. Feni ikapuliza, katoni zikatulia kiasi. Hilo nalo boksi halina habari nalo.

Kitu kimoja ningependa wangetia ni daraja la kuelea, kwa sababu mtu wa pwani angelielewa kabla hujamaliza kusema. Nyali ilikuwa nalo kabla ya daraja la zege kufunguliwa mwaka 1980, na la waenda kwa miguu la Liwatoni, lililofunguliwa 2021, lilikuwa na sehemu ya kufunguka kupisha meli. Mzigo hauendi kwenye nguzo yoyote, unaendea maji. Tulifunga chupa tupu za maji chini ya vile vibao vigumu nilivyovilaumu, tukaweka kwenye beseni, na kumbe hiyo ndiyo kazi vinayoiweza.

Mengine ni madogo. Plastiki haijapasuka pamoja na kukanyagwa. Kijitabu ni cha Kiingereza na Kichina, lakini michoro inajitosheleza. Minara iko sawa. Vigari ni vyepesi mno, havipimi chochote, tumieni sukari au betri za tochi. Umri ulioandikwa ni miaka mitano na kuendelea. Mimi ningesema minane, tena na mtu mzima kando, na kwa mtoto wa miaka mitano zile pini ni ndogo za kumezwa. Kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari ya chini, boksi moja linatosha kundi la watoto sita hivi, wakikubali kupokezana.

Nyota nne kati ya tano kwa mwenye mshipi na mkasi nyumbani. Mbili kwa atakayefuata kijitabu. Nilimpigia muuzaji kumuuliza kama anauza vipande vya kenchi peke yake bila minara na uzi. Kasema hauzi hivyo, ila pini za ziada anazo, Sh200 kwa mfuko. Ukiagiza, mwambie akutilie mifuko miwili kwenye parseli ileile, maana pini ikidondoka kwenye sakafu ya chokaa yenye nyufa hutaiona tena.